Wazamiaji wa Jiwe



Jambo nililokusudia kuzungumza nanyi leo huenda likaonekana dogo, tena la ajabu kutoka kwa mwalimu wa chuo aliyezoea kusema juu ya malezi, mirathi na adabu za ndoa. Nataka kuzungumza juu ya viumbe vidogo vya baharini vilivyopanda jiwe, jiwe nalo likapanda gari, na gari likafika Kariakoo. Lakini mkinivumilia mtaona kwamba habari hii yatuhusu sote, wenye matangi ya samaki na wasio nayo. Kwani ndani yake mna swali ambalo kila nyumba hukutana nalo: tukimwona tusiyemjua, tumhukumu kwa lipi?

Watu wa Dar es Salaam wana neno lao, mzamiaji. Kwa maana ya asili ni mtu apigaye mbizi, lakini mjini kwetu huitwa hivyo kijana aliyejificha ndani ya meli bandarini ili afike Ulaya au Uarabuni pasipo tikiti wala pasipoti. Meli hung'oa nanga, siku mbili tatu zikapita, ndipo mabaharia wamwonapo mtu asiyekuwamo katika orodha. Hapo ndipo ijulikanapo tabia ya nahodha. Yuko atakayemlisha na kumkabidhi kwa wenye mamlaka katika bandari ya mbele, na yuko atakayemdhulumu kabla hajamwuliza jina. Basi viumbe nitakavyovitaja ni wazamiaji wa namna hiyo. Hakuna aliyevinunua wala kuvialika, na havikuonekana mpaka safari ilipokwisha.

Kwanza nieleze jiwe lenyewe. Mtu atakaye kuweka samaki wa baharini katika tangi la kioo nyumbani hupata shida moja kubwa, nayo ni uchafu wa samaki wenyewe. Kinyesi chao na mabaki ya chakula hugeuka kuwa amonia, ambayo ni sumu kwao. Baharini shida hii haipo, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameweka watumishi wasioonekana kwa macho. Ndani ya vitundu vya mawe ya matumbawe huishi bakteria wasio na idadi. Wako wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, nayo pia ni sumu. Wako wanaoipokea naitraiti na kuifanya naitreti, ambayo madhara yake ni machache. Na ndani kabisa ya jiwe, mahali pasipofika hewa, wako wanaoivunja hiyo naitreti ikawa gesi na kuondoka zake. Kwa hiyo jiwe lililotoka baharini likiwa na maji yake ni mtambo mzima wa kusafisha. Wenye matangi huliita jiwe hai. Huko Marekani na Ulaya huuzwa kwa kupimwa uzito, na kwa miaka mingi mawe mengi yalitoka Fiji na Indonesia.

Lakini mwenye kuchukua nyumba huchukua na wapangaji. Jiwe lenye vitundu vya bakteria lina pia mashimo ya minyoo, kaa, kamba, konokono, mwani, sifongo na vingine ambavyo mnunuzi hajapata kuviona maishani. Hapo ndipo fitina ianzapo.

Kijana mmoja aliyesoma kwangu juzuu zote thelathini ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo, naye hukaa ghorofani na mama yake na wapwa wake wawili, si mbali na Mtaa wa Sikukuu. Alipenda sana bahari tangu utotoni. Akatengeneza tangi la kioo, akalitia mchanga na maji ya bahari, akapata jiwe kwa mvuvi wa madema wa ng'ambo ya Kigamboni. Jiwe hilo halikuvunjwa mwambani. Lilikuwa la kulemeza dema, lililokaa chini ya maji miezi mingi mpaka likavaa vazi zima la bahari. Samaki alikuwa bado hajatia hata mmoja.

Usiku wa kwanza ikasikika sauti tangini: ta! ta! kama mtu agongaye kioo kwa ukucha. Mama akadhani ni bomba la maji. Usiku wa pili, taa zilipozimwa, ikatoka katika tundu mikono mitano myembamba yenye mistari, ikapapasa mchanga na kurudi. Usiku wa tatu akaonekana mnyoo mwekundu mwenye manyoya ubavuni, mrefu kama kalamu. Kulipopambazuka, yakaonekana maua madogo yanayopenya nuru kama kioo, yenye vidole vinavyochezacheza. Na upande wa chini wa jiwe, zulia la vitu vya kahawia vya mviringo kama vifungo vya shati. Kisha mpwa mdogo, mwenye miaka minne, akatangaza kwa furaha kwamba ameona kombe zuri lenye michoro kama ya kanga, nalo linatembea!

Mnazijua ngazi za maghorofa ya Kariakoo. Habari haihitaji lifti. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imeteremka hadi dukani na kupanda tena, kila mmoja ameongeza lake. Mmoja alisema jiwe lina jini, ndiyo maana lagonga usiku. Wa pili akasema yule mnyoo akimgusa mtu mwili huoza. Wa tatu, aliyepata kusikia habari za matangi, akatoa fatwa ya kumaliza maneno yote: jiwe litiwe katika sufuria kubwa, lichemshwe nusu saa, vife vyote pamoja, kisha lirudishwe. Mama akaona hilo ndilo. Ni mwenye pumu, na jiko lake limetengwa na chumba wanacholala watoto kwa pazia tu. Akaweka sufuria juu ya moto.

Kijana akanipigia simu. "Maalim, shikamoo. Mama anataka kulichemsha jiwe, na majirani wasema ulete kombe la kusomea. Nifanye nini?"

Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Mwambie mama azime moto, asubiri mpaka baada ya Isha. Kama lina jini, halitakimbia kabla ya Isha. Na umwite aliyekupa jiwe."

Sikumzuia kwa sababu nalijua jiwe. Nilimzuia kwa ajili ya kanuni ambayo mwanafunzi wa fiqhi huipata mapema: hukumu ya kitu hutanguliwa na kukijua kitu chenyewe. Huwezi kusema halali wala haramu, kinafaa wala kinadhuru, juu ya jambo ambalo hujapata sura yake akilini. Na Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari tunapoletewa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Majini wapo, na habari zao zimo katika Kitabu. Lakini si kila kigongacho usiku ni jini.

Usiku ule tulikusanyika watu wanne mbele ya tangi: mimi, kijana, mvuvi, na mwalimu wa elimu ya viumbe wa sekondari moja ya mjini, ambaye alikuja na kitabu chini ya kwapa. Mama wa nyumba alisimama mlangoni. Akasema, "Sheikh, mimi sitaki mashetani nyumbani mwangu, na wajukuu wanalala humu."

Nikamjibu, "Dada yangu, sikuja kuwatetea. Nimekuja kuwauliza majina."

Kitabu cha mwalimu kilikuwa mwongozo wa viumbe vya fukwe za Afrika Mashariki na visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi, uliohaririwa na Matthew Richmond na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1997. Nilifurahi kukiona, kwani kazi ya namna hii ina mizizi hapa mjini petu. J. F. Spry aliandika juu ya makombe na konokono wa bahari ya Dar es Salaam katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1961. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar mwaka 1978. Kwa hiyo mtu wa pwani asemapo kwamba vitu hivi havijulikani, mara nyingi maana yake ni kwamba yeye hajauliza.

Tukazima taa, tukafunika tochi kwa karatasi nyekundu, maana viumbe vingi vya usiku haviistukii nuru nyekundu kama vistukiavyo nyeupe. Tukangoja. Wakatoka mmoja mmoja, nasi tukawahoji kwa zamu.

Wa kwanza alikuwa mwenye mikono mitano. Mvuvi akacheka. "Huyu ni jamaa wa kiti cha pweza," akasema, "ila yeye mwembamba. Hana neno. Hula takataka." Mwalimu akafunua kitabu, akakubali. Ni kiumbe cha kufagia. Mkono wake ukikatika humea mwingine.

Wa pili alikuwa mnyoo mwenye manyoya. Naye, wakasema, wengi wa namna yake ni watumishi: hupenya chini ya mchanga na kula mabaki ambayo yangeoza. Ila asishikwe kwa mkono, kwani manyoya yake huingia katika ngozi na kuwasha kama upupu. Wako katika ukoo huo wakubwa wenye meno, hata aina moja ifikayo mita 3, na hao huwinda samaki. Huyu hakuwa mmoja wao. Habari ya mwili kuoza ilikuwa ni ya ngazini.

Wa tatu alikuwa ndiye mgongaji. Alitoa kichwa tundu la juu, macho yakizunguka juu ya vijiti, mikono ameikunja kifuani mithili ya vunjajungu wa bustanini. Mnajua wazee walivyosema juu ya vunjajungu, kwamba mwenye kumgusa atavunja chombo. Huyu wa baharini huvunja mwenyewe. Ni jamii ya kamba, na mkono wake ni rungu. Aina moja iliyopimwa na wataalamu mwaka 2004 ilipiga kwa mwendo wa mita 23 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 80 kwa saa, na kwa pigo hilo hupasua makombe na kula walio ndani. Katika tangi lenye samaki na kaa ni mgomvi, na akiwa mkubwa hata kioo chaweza kupata ufa. Jini likapata jina, na mara ile mama akasogea hatua mbili ndani ya chumba.

Wa nne yalikuwa yale maua ya kioo. Haya nayo ni wanyama, si mimea. Vidole vyao huchoma vijisamaki vidogo. Mwenye tangi akiyaona hutamani kuyakwangua kwa kisu. Hapo ndipo hekima ya Mola ilipo: kipande kidogo kinachobaki cha mguu wake humea kikawa ua zima. Akwanguaye moja kwa hasira huamka na kumi. Nimefundisha watoto miaka mingi, na sijapata kuona mfano bora kuliko huu wa mabaya yanayoongezeka kwa kupigwa ovyo.

Wa tano alikuwa kombe lenye michoro ya kanga. Mvuvi alipomwona alinyamaza, kisha akamwuliza mtoto, "Umemshika, babu?" Mtoto akatikisa kichwa. Akasema, "Alhamdulillahi." Ni konokono mwenye umbo la pia, na ndani ya mdomo wake mna mshale wenye sumu autumiao kuwindia. Jamii hii ina aina nyingi, na sumu zao si sawa. Lakini aina kubwa iitwayo Conus geographus, ambayo imo katika bahari yetu, imekwisha kuua watu, na hakuna dawa ya kuzimua sumu yake. Tena hupendeza macho, na watoto na wageni wa ufukweni ndio wapendao kumtia mfukoni. Ajabu ni kwamba katika sumu ya ndugu yake mmoja, Conus magus, wataalamu walipata dawa ya maumivu makali iitwayo ziconotide, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2004. Mola wetu hakuumba kitu bure. Lakini dawa hiyo ilipatikana kwa waliomsoma konokono, si kwa waliomshika.

Sasa wa sita, vile vifungo vya kahawia. Hawa hakuna jirani aliyewataja. Hawagongi, hawatembei, hawana meno. Mwalimu aliinama akawatazama muda mrefu, kisha akauliza, "Nani alisema jiwe lichemshwe?"

Akatueleza. Viumbe hivi ni jamaa wa matumbawe wasio na mfupa wa mawe, na baadhi yao huwa na sumu iitwayo palitoksini, moja ya sumu kali kabisa zinazotokana na viumbe hai. Wataalamu wawili, Moore na Scheuer, waliitenga huko Hawaii, wakaitangaza mwaka 1971. Jiwe likikaa majini kwa amani, viumbe hivyo havimwandami mtu. Lakini likichemshwa, au likimwagiwa maji ya moto, au likisuguliwa kwa brashi, sumu huweza kupanda na mvuke na matone, ikaingia katika mapafu na macho. Mwaka 2018 katika kijiji cha Steventon, Uingereza, watu wa nyumba moja walipelekwa hospitali pamoja na baadhi ya wazima moto waliokuja kuwasaidia, kwa sababu ya matumbawe ya tangi yaliyotolewa na kusafishwa. Na macho ya kawaida hayawezi kubainisha kifungo kipi kina sumu na kipi hakina.

Mama wa nyumba hakusema neno. Alikwenda jikoni akaiondoa ile sufuria juu ya jiko, akaifunika.

Hebu tufanye hesabu, ndugu wasomaji. Washitakiwa walikuwa sita. Wawili walikuwa watumishi wa nyumba, mmoja mgomvi, mmoja mwenye kuzaana bila kiasi, na wawili wenye sumu. Waliotisha zaidi kwa sura na sauti, yaani mnyoo na mgongaji, hawakuwa ndio wa hatari kwa watoto. Aliyependwa ndiye aliyekuwa na mshale. Na ambaye hakuna aliyemjali ndiye ambaye hukumu ya sufuria ingemfungulia mlango, katika nyumba ya ghorofani yenye mama wa pumu na watoto nyuma ya pazia. Hukumu moja kwa wote ingewaua watumishi wawili, na pengine ingewafikia wenye nyumba.

Kwa kuwa tangi lilikuwa na maji ya pale pale na halijachanganywa na kiumbe cha nchi nyingine, mvuvi alilichukua jiwe ndani ya ndoo yenye maji, kwa glavu nene, akalirudisha mahali madema yake yalipo. Kijana alianza upya kwa mawe makavu, akayaacha yakae majini majuma mengi mpaka bakteria wakajenga.

Wako watakaosema: elimu ya vijidudu ni ya Wazungu, yatuhusu nini? Nami nawakumbusha Kamaluddin ad-Damiri, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 808 Hijria, sawa na 1405 Miladia. Aliandika Hayatul Hayawan, kitabu kikubwa chenye maelezo zaidi ya elfu moja ya wanyama, kwa mpangilio wa herufi. Akitaja mnyama hueleza jina lake, sifa zake, kisha ndipo aseme hukumu yake katika sharia. Tazameni mpango huo: jina, sifa, kisha hukumu. Majirani wa kule ghorofani walianza na hukumu, na jina hawakulitafuta kabisa.

Wala msidhani kwamba elimu yote imo vitabuni. Mwezi wa Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho, aliona katika samaki wa meli ya uvuvi mmoja asiyemjua, wa rangi ya buluu, mwenye mapezi kama miguu. Alipekua vitabu asimpate. Hakumtupa wala hakumbuni jina. Alimchora, akapeleka mchoro kwa barua kwa mtaalamu J. L. B. Smith, ambaye alimwona mwenyewe Februari 1939. Ikathibitika kuwa ni samaki wa jamii ambayo wataalamu wote waliamini imekwisha kabisa duniani tangu zaidi ya miaka milioni 60. Akaitwa Latimeria chalumnae kwa heshima ya yule mama. Smith akasambaza karatasi zenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100 kwa atakayempata wa pili. Alipatikana Desemba 1952 kisiwani Nzwani, katika Komoro, na hapo ikajulikana kwamba wavuvi wa Komoro wakimjua zamani, na jina wanalo: gombessa. Kwetu Tanzania alivuliwa karibu na Songo Mnara mwaka 2003, kisha Tanga wakapatikana wengi, hata ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Mtaalamu alikuwa na kitabu, mvuvi alikuwa na jina, na elimu ilitimia walipokutana.

Hata hivyo sitaki mtu aelewe kwamba kila mzamiaji ni wa kukaribishwa. Tutazame juu ya mapaa yetu. Kunguru hawa wa Kihindi waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, wakakusudiwa kula takataka. Leo wamejaa pwani nzima, wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na hakuna aliyeweza kuwaondoa. Na bahari yetu nayo imetoa kunguru wake. Yule samaki mwenye mapezi ya miiba kama mabawa ya jogoo, aliye wa kawaida katika miamba yetu, alionekana katika maji ya Florida mwaka 1985, na yaaminika alitoka katika matangi ya watu. Sasa ameenea bahari ya Karibi, akila vijisamaki ambavyo havikupata kumjua wala kumwogopa. Huko kwao ni balaa, hapa kwetu ni jirani. Kwa hiyo kujua kiumbe ni kujua pia mahali pake.

Basi kwa wenye matangi, au wenye watoto watakao kuwa nayo, yatupasa mambo haya.

Kwanza, jiwe lisivunjwe mwambani. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994 yalinda mahali kama hapo. Tumbawe hukua polepole sana, na lililovunjwa kwa nyundo leo huenda mjukuu asilione limerudi. Mwenye haja atumie jiwe kavu, au aulize idara ya uvuvi kinachoruhusiwa.

Pili, jiwe likija likae kwanza katika beseni lake peke yake, kwa maji ya bahari na hewa, majuma kadhaa, mahali watoto hawafiki.

Tatu, litazamwe usiku kwa nuru nyekundu. Kila kinachoonekana kipigwe picha, kiandikwe: ukubwa, rangi, miguu mingapi, chatembeaje, chala nini. Maneno kama "dude" na "shetani" si maelezo.

Nne, waulizwe wanaojua: mvuvi kwa alivyoona, mwalimu kwa alivyosoma. Wakikubaliana, vema. Wakihitilafiana, subiri.

Tano, kisichojulikana kisishikwe kwa mkono mtupu, kisikwanguliwe, kisitiwe jiki, wala kisichemshwe kamwe.

Sita, kiumbe kilichonunuliwa, au jiwe lililokaa pamoja nacho, kisirudishwe baharini. Tumekwisha kuona habari ya kunguru.

Ndugu zangu, Kariakoo yenyewe ni jiwe hai. Jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, kilichokaa hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Watu wakalitamka walivyoweza, na likawa jina letu. Tangu hapo kila basi laleta mgeni, na kila chumba kina mpangaji ambaye jirani hamjui. Ni mara ngapi tumesikia kwamba yule binti mpya wa kazi ni mchawi kwa kuwa hasemi sana, au yule kijana wa chumba cha nyuma ni mwizi kwa kuwa hurudi usiku, kumbe analinda ghala la mtu? Na ni mara ngapi mwenye sura nzuri na salamu nyingi ameachiwa watoto bila kuulizwa atokako? Sufuria ya maneno nayo huchemka, na mvuke wake huwafikia walioiweka motoni.

Mgeni akija, tumpe nafasi yake, tumtazame kwa macho ya haki, tuulize kwa wanaomjua, ndipo tuseme. Ikidhihiri kuwa ni mwema, tumshukuru Mungu kwa kumleta. Ikidhihiri kuwa ana madhara, tujilinde naye kwa kiasi cha madhara yake, bila ya kumzidishia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe vitu kama vilivyo, azilinde ndimi zetu na hukumu za haraka, na awahifadhi watoto wetu na kila chenye sumu, kilicho baharini na kilicho barazani.

Wabillahi tawfiq.